Kona ya kufungia nzi: shajara ya meza moja, Nyeri

Aprili, mvua zimeshika

Gura imechafuka na Chania nayo hivyo hivyo. Masika yakiingia, mito inayoshuka kutoka Aberdare hubeba udongo hadi samaki wa trauti asione nzi hata ukimpitishia puani. Hakuna haja ya kwenda kusimama kwenye matope. Miezi hii nitaitumia ndani ya nyumba kutengeneza mahali pa kufungia nzi wangu mwenyewe, na haya ndiyo maandishi ya kazi inavyokwenda.

Kwa asiyeufahamu uvuvi huu: nzi ni ndoana ndogo iliyovikwa manyoya, nyuzi na pengine ushanga, ili samaki aidhanie mdudu wa majini. Hufungwa kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko. Wengine huona haya ni mambo ya wazungu wa vilabu, lakini kuna akina mama na vijana wengi Nairobi na viunga vyake ambao wamelea familia kwa kufunga nzi wanaouzwa Ulaya na Marekani. Trauti ndiye mgeni. Mayai yake yaliletwa mwaka 1905 kutoka ziwa Loch Leven, Uskoti, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na mto wa kwanza kupandwa ulikuwa huu wetu wa Gura. Kituo cha kuzalishia vifaranga vya trauti hapo Kiganjo kikaja 1948. Kwa hiyo mtu wa Nyeri akiamua kujifunza kufunga nzi, hajaenda mbali na kwao.

Vifaa ninavyo. Nilivinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, vyote vimesongamana ndani ya boksi la viatu: jiliwa dogo la kubana ndoana, vishika uzi viwili, mkasi wenye ncha kali, koleo ndogo ya kushikia unyoya, sindano ya mpini, na kifaa cha waya kilichopinda cha kufungia fundo la mwisho. Chini yake kulikuwa na mifuko ya manyoya isiyo na majina, na ndoana zilizomwagika zikashikamana na kila kitu. Kutoa mfuko mmoja ilikuwa ni kutoa sita.

Mahali nimepewa. Mke wangu amekubali kona ya dirishani sebuleni, kwa sharti moja: unyoya usionekane kwenye chakula.

Aprili, katikati

Meza imekuja. Fundi seremala ametumia mbao za msaiprasi, upana kama mita moja, kina cha nusu mita. Nilimwomba vitu vitatu tu. Ukingo mwembamba wa mbao kuzunguka pande tatu, ili ndoana ikiteleza isianguke sakafuni ambako watoto hutembea bila viatu. Upande wa mbele usiwe na ukingo, kwa sababu mikono hulala hapo. Na ubao wa mbele usizidi unene ambao kibanio cha jiliwa kinaweza kuumeza. Hili la tatu linafaa kupimwa kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Majiliwa ya kubana mezani huwa na mdomo wenye kikomo, na ubao mnene wa kienyeji huukataa. Yapo majiliwa ya kusimama juu ya kitako kizito cha chuma, na kwa mtu asiye na meza ya kudumu hayo ni bora, ila kitako kikiwa chepesi jiliwa zima hukufuata unapovuta uzi.

Rangi nimechagua kijivu kisichong'aa. Seremala alitaka kupiga vanishi. Vanishi inapendeza kwenye kabati la vyombo, lakini chini ya taa inarudisha mwanga machoni, na unakodolea ndoana ndogo ya nambari 16 ukiona tu mng'aro.

Urefu wa jiliwa nimeupanga hivi: nakaa wima, viwiko vinagusa ukingo wa meza, na ndoana iko usawa wa kifua, macho yakitazama chini kidogo. Ikiwa chini zaidi shingo inalia. Ikiwa juu zaidi mabega yanapanda bila wewe kujua. Kiti ni cha kawaida cha jikoni. Kiti cha magurudumu hukimbia nyuma kila unapokaza uzi.

Aprili, mwisho

Mwanga. Nimeupa kazi hii jioni nyingi kuliko meza yenyewe, na sijutii.

Mchana dirisha liko kushoto kwangu na linatosha. Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hiyo mwanga wa kushoto hauzuiwi na mkono unaofanya kazi. Usiku natumia taa ya kusomea yenye shingo inayopinda, na balbu nyeupe ya mchana, ile inayoandikwa 6500K kwenye boksi. Balbu za njano zinadanganya rangi: uzi wa zeituni unaonekana kahawia, na kahawia inaonekana nyekundu. Stima hapa hupotea mvua ikizidi, hivyo pembeni kuna taa ya kuchaji.

Lakini mwanga peke yake haukutosha. Weka ndoana nyeusi yenye uzi mweusi kwenye jiliwa, na nyuma yake uwe na pazia la maua, uone kama utajua uzi umeishia wapi. Nilikata kadi ya rangi ya samawati iliyofifia, ukubwa wa daftari, nikaisimamisha nyuma ya jiliwa kwa kibanio cha nguo. Papo hapo kila mzunguko wa uzi ukaonekana, na hata nywele moja ya sungura iliyochomoza pembeni. Upande wa pili wa kadi nimeacha mweupe kwa ajili ya nzi wa rangi hafifu. Kadi ile ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kona hii, na ningeambiwa nibaki na kimoja baada ya jiliwa na mkasi, ningebaki nayo.

Mei, wiki ya kwanza

Droo zimefika, zile za plastiki zinazopangwa moja juu ya nyingine. Nimepanga kama nilivyoona kwenye picha nyingi za mafundi wa ng'ambo: droo ya manyoya ya ndege, droo ya manyoya ya wanyama, droo ya nyuzi, droo ya waya na shanga, droo ya ndoana. Kila droo ina kibandiko chenye jina. Juu ya meza kuna kipande cha gogo nilichotobolewa na fundi wa jua kali, matundu ya kila ukubwa, na kila kifaa kimesimama kwenye tundu lake. Inapendeza kweli. Mke wangu amepiga picha.

Mei, wiki ya pili

Jirani yetu ni mama aliyestaafu. Miaka mingi alikuwa akifunga nzi kwenye karakana moja Nairobi, na nilipomweleza mradi huu aliomba kuja kuuona. Akasimama mbele ya droo zangu, akafungua moja moja, akanigeukia.

"Kijana wangu, hapa unafungua duka au unafunga nzi?"

Nikamwambia, "Mama, si ni vizuri kila kitu kiwe na mahali pake?"

"Ni vizuri. Sasa nifungie nzi mmoja nikuone."

Nilianza na Woolly Bugger, nzi mkubwa mweusi ambaye Mmarekani Russell Blessing wa Pennsylvania alimbuni miaka ya 1960, na ambaye karibu kila anayeanza huanza naye kwa sababu ndoana yake ni kubwa na makosa hayaonekani. Nikafungua droo ya ndoana. Nikafungua ya nyuzi. Nikafungua ya waya, nikaiacha wazi kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika uzi. Nikafungua ya manyoya ya ndege nitoe mkia, kisha nikaifungua tena nitoe unyoya wa jogoo. Mama alikuwa kimya, ila kila droo ilipolia alikuwa akikunja kidole kimoja, na nilipomaliza mikono yake yote miwili ilikuwa ngumi.

Halafu akakaa yeye. Kwanza akaomba trei. Hakukuwa na trei, akachukua kifuniko cha mkebe wa biskuti. Akaweka juu yake ndoana, uzi mmoja, mkebe wa waya, mfuko wa manyoya laini ya bata mzinga kwa ajili ya mkia, uzi mnene wa shenili kwa ajili ya mwili, na manyoya ya jogoo. Droo zote akazifunga, akazisukuma kwa goti.

Hakufunga chochote bado. Alichukua ndoana moja moja, akabonyeza kijino chake kilicho karibu na ncha kwa koleo, akazipanga mstari hadi zikafika dazeni. Akachagua manyoya ya jogoo dazeni yenye urefu wa nywele unaofanana, akiyapima kwa kuyapinda juu ya ndoana, akayang'oa manyoya mepesi ya chini, akayapanga nayo mstari. Akakata waya vipande, na shenili vipande. Hapo ndipo aliposogeza kiti.

Mkono wake wa kulia sikuuelewa mwanzoni. Mkasi haukuwa mezani wala haukuwa kwenye gogo langu. Ulikuwa ndani ya kiganja chake, kidole cha pete kikiwa kwenye tundu moja la mpini, na ncha zikichungulia kando ya kidole gumba. Alizungusha uzi mkasi ukiwa mkononi, akapima mkia ulingane na urefu wa shina la ndoana mkasi ukiwa mkononi, na pale pa kukata vidole vilifumbua kidogo tu, chap, vikaendelea. Shenili ikapanda hadi karibu na jicho la ndoana, lile tundu la kufungia kamba. Unyoya ukafuata kwa mizunguko iliyoachana sawa, kisha waya ukazungushwa kwa upande wa kinyume ili uufunge unyoya usikatwe na meno ya samaki. Fundo la mwisho alilifunga kwa vidole, kile kifaa cha waya hakukigusa.

"Karakanani," alisema, "ukiweka mkasi chini kwa kila nzi, mwisho wa siku unahesabu nzi ambao hukuwafunga."

Kisha akanywa chai yake, akaenda zake. Yule nzi wa kwanza nimemchomeka kwenye kadi ya samawati kama kielelezo cha vipimo.

Mei, siku chache baadaye

Nimepangua. Siyo meza wala mwanga, hivyo vimebaki. Nimepangua wazo lenyewe la mpangilio. Droo za aina kwa aina ni ghala, na ghala halina haja ya kuwa mkononi. Zimehamia chini ya meza. Juu yake sasa kuna rafu moja yenye trei, na kila trei ni ya nzi mmoja.

Trei ni vifuniko vya mikebe na visahani vya plastiki vya kuwekea nyama, vilivyooshwa. Ndani ya kila trei nimegundisha kadi yenye mapishi ya nzi huyo: nambari ya ndoana, uzi, mkia, mwili, shingo, na upande waya unaozungushiwa. Nzi ni watatu tu kwa sasa, na sitaongeza mpaka hawa watoke wakifanana.

Wa kwanza ni Woolly Bugger, ndoana nambari 8 na 10, uzi wa denia 140 (denia ni kipimo cha unene wa uzi).

Wa pili ni Pheasant Tail, kazi ya Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Sawyer hakutumia uzi kabisa; alifungia manyoya kwa waya mwembamba wa shaba, na waya huohuo ukampa nzi uzito wa kuzama. Hilo limenifurahisha kwa sababu waya wa shaba Nyeri si shida. Fundi wa kusuka upya mota za umeme alinipa mabaki ya kutosha miaka. Manyoya ya mkia wa pheasant, ndege anayetumiwa kule na aliyempa nzi huyu jina, sina, natumia ya mkia wa bata mzinga wa kahawia, na mwonekano ndani ya maji ni uleule kwa macho yangu. Kwa macho ya trauti tutajua mito ikitulia.

Wa tatu ni wa manyoya ya sungura yaliyosokotewa kwenye uzi wa denia 70, ndoana 12 na 14, na ushanga wa shaba mbele. Ushanga wa milimita 2.8 unaikaa vizuri ndoana ya 14. Shanga za kioo za sokoni ni za bei nafuu na zina rangi nzuri, ila tundu lake mara nyingi halipiti kwenye mpindo wa ndoana, kijino kibonyezwe kisibonyezwe. Nenda sokoni na ndoana yako uijaribishie palepale.

Na gogo la vifaa? Lipo, ila tundu la mkasi liko tupu. Kiganja bado hakijazoea. Mpini unanikwaruza, na juzi nilikata uzi nisiokusudia kuukata, lakini naona mikono inaanza kuacha kutafuta.

Juni

Habari ya manyoya inahitaji nafasi yake.

Kwa mtu wa hapa, vitu vingi vinapatikana bila kuagiza. Jogoo nilipata soko la Karatina. Muuzaji aliuza nyama akanipa shingo nzima na ngozi yake. Sungura wanafugwa kila boma la tatu. Gikomba, kwenye mitumba, ukiwa na subira utapata kola za makoti ya manyoya halisi na masweta ya sufu ambayo ukiyafumua ni miili ya nzi ya maisha. Jogoo wa kienyeji ana unyoya mpana wenye nywele laini, mzuri kwa nzi wa kuzama kama Woolly Bugger. Kwa nzi wadogo wa kuelea juu ya maji haufai, unanyonya maji. Marekani kuna wafugaji wanaozalisha jogoo kwa ajili ya manyoya pekee, marefu, membamba na magumu, na bei yake ni ya kukufanya uwapende nzi wa kuzama.

Lakini chochote kilichotoka kwa mnyama au ndege kinaweza kuja na wageni. Nondo wa nguo na mbawakawa wadogo wanaokula ngozi wakiingia droo moja, miezi michache baadaye una vumbi na vijiti. Utaratibu wangu sasa: manyoya huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, yanasuuzwa, yanakaushwa kivulini mpaka yawe makavu kabisa, kisha yanafungwa kwenye mfuko wa zipu na kukaa ndani ya friza wiki nzima. Hutolewa siku moja yapate joto, yakarudishwa tena wiki nyingine, kwa ajili ya mayai yaliyonusurika. Ngozi yenye mafuta hukwanguliwa kwanza na kupakwa chumvi. Mpaka hapo hakuna kinachoruhusiwa kukaribia rafu. Sharti la chakula limepanuliwa kidogo: mfuko wa friza uwe na maandishi makubwa, maana shingo ya jogoo iliyogandishwa inafanana sana na mboga ya Jumapili.

La pili, sheria. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haitanii na mtu anayemiliki sehemu ya mnyama wa porini bila kibali, na unyoya mzuri ulioanguka msituni ni sehemu ya mnyama. Hivyo kanga wa porini, ndege wa mbugani, ngozi uliyopewa na mtu asiyesema ilikotoka, vyote nimeviacha. Hata wale kongoti wanaotaga juu ya migunga karibu na Nyayo Stadium, ambao manyoya ya jamaa zao ndiyo yaliyokuwa yakifungwa mikia zamani, nawatazama tu kutoka kwenye matatu. Siku hizi mkia huo ni wa bata mzinga wa shambani, na samaki hajalalamika.

Julai

Baridi na ukungu wa Nyeri umefika, na ndoana mbili zimeanza doa la kutu. Ndoana zote zimehamia kwenye visanduku vya dawa, vile vyenye vyumba saba vya siku za wiki. Kila chumba nambari yake, ndoana kubwa kushoto, ndogo kulia, kwa sababu nambari inavyopanda ndoana inapungua na jioni akili huwa haikumbuki. Kila kisanduku kina kifuko cha chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Sumaku ya spika mbovu imegundishwa chini ya ukingo wa meza, na kabla ya kuzima taa napitisha nyingine sakafuni.

Gundi ya kichwa cha nzi ni rangi ya kucha isiyo na rangi. Chupa yake ni nyepesi na hupinduka kwa kuguswa na kiwiko tu, kwa hiyo ina shimo lake kwenye gogo, nyuma kabisa upande wa kushoto, na dirisha hufunguliwa kidogo wakati wa kuitumia. Mabaki ya manyoya huanguka kwenye mfuko uliobanwa kwenye ubao wa mbele, chini ya jiliwa. Nilikuwa naona mfuko huo ni mapambo ya watu wenye pesa. Ni mfuko wa kawaida wa kitambaa ulioshonewa waya mdomoni, na ndio unaolinda ile ahadi ya sebule.

Jioni ya leo nilishusha trei ya Pheasant Tail, nikaandaa ndoana na manyoya kabla ya kugusa waya, na sikufungua droo hata moja mpaka nilipomaliza. Mama jirani alipita, akawamwaga nzi kiganjani, akawatenga mafungu mawili. Fungu kubwa lilikuwa la wenye vichwa vinene vilivyoziba jicho la ndoana. "Malizia mwili mapema," akasema, "acha nafasi ya waya mbele." Nimeandika hivyo kwenye kadi ya trei, kwa kalamu nyekundu.

Kilichobaki ni rafu ya pili ya trei, yenye migawanyo myembamba zaidi, na taa ihamishwe sentimita chache nyuma ili kivuli cha mkono kisilale juu ya ndoana. Taa nitaihamisha mwenyewe. Rafu fundi ameniahidi Jumamosi, hakusema ya mwezi gani.